Darasa la dansi la watoto wadogo Mikocheni: hela yenu iende kwenye ngoma, sio kwenye vioo

Naanza na jibu kabisa kwa wale wa kusoma mistari miwili na kuondoka. Mpelekeni mtoto, ila mpelekeni lile kundi la jumamosi saa nne asubuhi lenye mpiga ngoma, la mchana achaneni nalo, na msilipe muhula mzima siku ya kwanza hata dada wa mapokezi awabembeleze vipi. Wenye muda tuendelee.

Jina silitaji maana kuna sehemu nitalalamika humu na sitaki kupigiwa simu, wa Mikocheni mshajijua mnapopeleka watoto. Ni nyumba ya kuishi ya zamani imegeuzwa studio, wamevunja ukuta wa sebule na chumba wakapata ukumbi mrefu, upande mmoja wote vioo kuanzia chini mpaka juu, AC mbili, rangi ya pinki kila mahali mpaka macho yanauma. Wanapokea watoto kuanzia mwaka mmoja na nusu mpaka mitatu na nusu na mzazi lazima uingie na mtoto ndani, hakuna kukabidhi mtoto mlangoni ukaenda zako saluni. Hapo niliwapa maksi. Mtoto wa umri huu ukimwacha na watu asiowajua atalia kipindi kizima na wewe umeshalipa. Ukitingwa unaruhusiwa kumtuma dada wa nyumbani aingie nae, na niwaambie tu ukweli, siku niliyoenda aliyekuwa anacheza kuliko ukumbi mzima alikuwa dada mmoja kaleta mtoto wa bosi wake. Sisi wamama tumesimama mbele ya vioo tunabana matumbo, yeye kashaingia ngomani mpaka njuga kaazima, na yule mtoto aliyekuja nae ndo alichangamka kuliko wote. Wala sio ajabu, mtoto anaangalia mtu wake anafanya nini ndo na yeye afanye.

Bei sasa, najua ndo mnachosubiri. Siku moja moja ni elfu ishirini na tano. Pakeji ya muhula, vipindi kumi, ni laki mbili, yaani elfu ishirini kwa kipindi, ukipiga hesabu ya haraka unaona umeokoa elfu hamsini na moyo unafurahi. Ila jamani mtoto wa miaka miwili huyo, wiki hii mafua, wiki ijayo jino, wiki nyingine mko kwa bibi Tanga, na kipindi ulichokosa hakirudi wala hakihamishwi, nimeuliza vizuri nikajibiwa "ndo sera yetu dada". Ukikosa viwili tu umerudi kwenye bei ile ile ya siku moja moja, ukikosa cha tatu unawachangia kodi ya pango. Juu ya hapo kuna ada ya usajili elfu thelathini ambayo wanaitaja mwishoni kabisa ukiwa umeshatoa simu unatafuta lipa namba. Ukilipa siku moja moja usajili hawakutozi, na hilo hawalisemi mpaka uulize. Kwahiyo ulizeni.

Kipindi chenyewe ni dakika 45 na kimekatwa vipande viwili, utadhani vimepangwa na watu wasiosalimiana.

Kipande cha kwanza ni cha anko wa ngoma. Watoto wanamwita anko, wazazi tunamwita anko, nadhani hata mapokezi wamemsevu hivyo hivyo. Kijana mmoja mpole, amesoma TaSUBa Bagamoyo, pale ambapo wakubwa zetu wanapaita mpaka leo Chuo cha Sanaa ingawa kiligeuzwa taasisi tangu 2007, na unaona kabisa huyu kafundishwa kazi, hajaokotwa. Haanzi na ile "haya watotoooo". Anaingia, anakaa chini sakafuni, ngoma ndogo katikati ya miguu, njuga kafunga mguu mmoja, anaanza kupiga taratibu bila kumtazama mtu. Basi. Wale watoto mmoja alikuwa analamba kioo, mwingine analia anataka maji, wengine wawili wanagombea kiatu ambacho wala sio cha yeyote kati yao, wakaanza kusogea mmoja mmoja wenyewe.

Wangu ni wa kiume, kavuka miwili juzi juzi, mtoto mzito, wale wa kujificha kwenye gauni lako mpaka mgeni aondoke. Kanikumbatia mguu akakataa katakata. Anko alimwona, hakumwita, hakumshika mkono, hakuniambia "mama msukume msukume". Alichofanya, kila baada ya muda anaivuta ngoma kidogo kuja upande wetu huku anaendelea kupiga, unasikia inakwaruza vigae, mpaka ikawa ipo mbele ya mtoto kabisa. Af akaacha kupiga. Mtoto kaisubiri, haipigwi. Katoa mkono, kaweka kiganja juu ya ngozi, na anko akagonga ubavuni kwa kidole kimoja tu, ngozi ikatetemeka, mtoto kautoa mkono mbio akaugeuza anakagua kiganja kuna nini kimeingia. Kaurudisha. Akagongewa tena. Akacheka peke yake bila kumwangalia mtu, kisha akagonga yeye. Toka hapo mguu wangu nikarudishiwa na mpaka tunaondoka hakuna aliyeuliza mama yuko wapi.

Mimi hapo tu nilishaona elfu ishirini na tano yangu imerudi.

Baadae anawapa manyanga ya chupa za plastiki zilizotiwa choroko ndani na kufungwa gundi nzito (nimekagua kifuniko, hakifunguki, wenye watoto wa kumeza vitu msiwe na hofu) halafu wanacheza ule mchezo wa ngoma ikilia mnacheza ikinyamaza mnaganda. Unaonekana mchezo wa kipuuzi ila mwenye mtoto wa miaka miwili anajua kumwambia huyu kiumbe "simama" akasimama ni muujiza. Mwanzo wakawa hawagandi kabisa, wanacheka tu wanaendelea. Anko hakuwasemesha. Akawa anaganda yeye, mkono uko hewani, mdomo wazi, macho kayatoa, basi watoto wanamwangalia na wenyewe wanatoa macho, na ukishatoa macho mwili nao unasimama. Wangu alikuwa anaganda kichwa tu, miguu inaendelea, lakini ni hatua.

Kisha anazunguka nchi. Anawapigia mdundiko wanatembea duara ukumbi mzima, anawapigia bugobogobo ya Wasukuma kila mtoto kashika kijembe cha boksi analima sakafu, wanalima kwa nguvu kweli kweli mpaka vijembe vinakunjika, na mwisho wote wanashikana mikono na wazazi wanacheza ukuti. Ule ukuti wetu wa mtaani, hajauongezea kitu. Sindimba kawaonyesha kidogo tu, miguu basi, akasema viuno watajifunza wenyewe wakikua, wamama tukacheka sana.

Kuna kitu niliwahi kukisoma zamani nikakiona mambo ya wazungu kupoteza muda, siku ile ndo kikaniingia. 2009 watafiti wawili wa Leipzig kule Ujerumani, Kirschner na Tomasello, waliwapa watoto ngoma wapige kufuatisha mdundo, wadogo kabisa walikuwa wa miaka miwili na nusu, wakubwa minne na nusu. Mara mdundo unapigwa na mtu kakaa nao, mara unapigwa na mashine, mara unatoka kwenye spika tu hakuna cha kuangalia. Watoto wa umri wote waliufuata mdundo vizuri zaidi wakiwa na mtu, na hata wale wadogo wa miaka miwili na nusu waliweza kubadilisha spidi yao kumfuata mwenzao anayepiga. Sasa unamuona anko anapunguza anaongeza na vitoto vinapunguza vinaongeza nae, unaelewa kwamba kumbe watoto hawafuati mziki, wanamfuata mtu anayeupiga. Ndo maana nasema lipieni ngoma.

Haya, kipande cha pili, naanza kulalamika.

Anko anaondoka na ngoma yake anaingia madam na spika. Madam mwenyewe sina tatizo nae, mchangamfu, anacheza vizuri, anajua majina ya watoto wote kwa siku moja. Tatizo ni walichompangia. Baleti. Vitoto vya miaka miwili vipange mstari, vishike lile bomba la ukutani, vikunje goti, vinyooshe kidole cha mguu. Kwanza bomba lenyewe limefungwa kwa urefu wa mtu mzima, lipo juu ya vichwa vyao, kwahiyo walioweza kulifikia walikuwa wanabembea na wasiolifikia wanalia wabebwe nao wabembee. Pili mtoto wa umri ule kusimama foleni, jamani, sisi wenyewe watu wazima na akili zetu kituo cha mwendokasi foleni inatushinda. Madam anarekebisha mstari huku, kule umeshavunjika, mpaka dakika kumi zimeisha hakuna aliyecheza chochote ni kupangwa tu.

Na sio kwamba naichukia baleti. Hao Royal Academy of Dance wa London ambao mitihani yao ya baleti inafanywa nchi nyingi sana, mtihani wao wa mwanzo kabisa mtoto lazima awe amefikisha miaka 5, chini ya hapo wana programu ya kucheza cheza na kujifanya wanyama. Wenye baleti yao wanasubiri, sisi tunamkimbiza mtoto wa nepi wapi? Nadhani jibu ni picha. Ile picha ya mtoto kwenye vioo na gauni la wavu inauza, na gauni lenyewe linauzwa pale pale mapokezi elfu hamsini, limetundikwa usawa wa macho ya mtoto, makusudi kabisa. Wangu alilitaka. Nikamwambia tutakuja kununua kesho, na hiyo kesho bado haijafika.

Sauti ya spika ndo ilinikera zaidi. Ukumbi wote vigae na vioo hakuna pazia hakuna chochote cha kuimeza sauti, spika lipo chini sakafuni usawa wa masikio ya watoto, na madam kafungulia kama yupo ukumbini kwenye send-off. Watoto wawili waliziba masikio, mmoja alienda kusimama mlangoni. Nina programu ya bure kwenye simu ya kupima kelele, sio kipimo cha maabara najua, ila nilivyoiweka pale walipokaa watoto ilikuwa inacheza kwenye desibeli 90 na kidogo, na 85 ndo kiwango ambacho mfanyakazi mtu mzima kiwandani anawekewa mwisho masaa nane kisha avalishwe vya kuziba masikio. Nikamfuata madam nikamwambia kiungwana, akapunguza, akasema asante mama, ikapigwa amapiano ikapanda tena. Nikaenda kulisogeza spika mwenyewe nikaligeuzia ukutani, hakuna aliyesema kitu, na mama mmoja akaninong'oneza "umetusaidia".

Mwishoni wakaweka singeli. Nyie singeli naipenda, mtu asije kunifundisha, ila ule mziki unakimbia mapigo mia mbili na zaidi kwa dakika, vijana wa Manzese na Tandale wenyewe wanapumzika kati, mtoto wa miaka miwili anaupata wapi mguu wake humo? Walikuwa wanaruka ruka na kuanguka na sisi tunacheka tunarekodi. Ilikuwa raha yetu, sio yao. Wangu alikaa chini akaanza kula kijembe cha boksi.

Sakafu nayo niiseme. Chini ni vigae, juu wametandika ile mikeka ya sponji ya vipande vya kuunganisha, ya rangi rangi. Kipande cha anko haisumbui maana wanatembea na kukaa, ila wakianza kukimbia vile vipande vinaachana, kunabaki nafasi ya kidole kuingia, na mtoto wa nguvu anajikwaa pale pale kila akizunguka. Niliona vichwa vikigonga sakafu, hakuna aliyeumia sana, ila kwa hela wanayokusanya na ile rangi ya pinki wangeshindwa nini kuweka sakafu ya mbao? Mvueni mtoto soksi, acheze peku. Soksi kwenye vigae ni meno ya mbele hayo.

La mchana nimelijaribu pia maana foleni ya asubuhi ilinishinda siku moja. Saa nane mchana. Saa nane! Ni nani mwenye mtoto alipanga huu muda? Nusu ya watoto walikuja wamelala mabegani, nusu wamenuna, anko hayupo kabisa, kipindi chote ni madam na spika, bei ile ile. Nilimuuliza dada wa mapokezi mbona hakuna mpiga ngoma akasema "wa mchana wanapendelea mziki wa kisasa". Wanapendelea nani, hawa waliolala?

Sasa suala la klipu. Niliingia studio saa nne, nikatoka, nikapita Mwenge kununua mahitaji, kabla sijafika nyumbani simu inaita, mama mkwe, kutoka Tanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko? Huyu mjukuu wangu nimeoneshwa hapa kwenye simu ya wifi yako, ndo mnamfundisha mtoto wa kiume kukata viuno?"

Studio wameposti video ya watoto, wangu yupo katikati na kijembe, hakuna aliyeniomba. Mama nikamwelezea, hapana mama ni ngoma tu za asili, hapo ni bugobogobo, wanalima na majembe. Kimya kidogo. "Ana jembe?" Ndio mama, ana jembe. "Haya basi kama ana jembe." Yakaisha. (Na kwa wenye wasiwasi kama wa mama, nendeni mkaangalie mganda wa kule ziwa Nyasa, wanaume watupu wamepanga mistari na kaptula nyeupe, mkitoka hapo mniambie kucheza ni mambo ya wasichana.)

Ila kwa studio halikuisha. Nilipowaambia waitoe wakasema ipo kwenye fomu. Nikaitafuta fomu, kweli, sentensi ya mwisho kabisa, maandishi ya kusoma kwa darubini, kwamba mzazi ameridhia picha na video kutumika kwa matangazo, na kiboksi chenyewe kimeshawekwa tiki kabla hujashika kalamu. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ipo tangu 2022 na imeanza kutumika Mei 2023, na picha ya mtoto wangu na jina lake na mtaa anaochezea ni taarifa binafsi, tiki niliyowekewa na mtu mwingine sio ridhaa yangu. Niliwaandikia hivyo hivyo, bila matusi, wakaitoa siku ya pili yake wakaomba radhi. Sawa, nimepokea. Ila fomu mpaka leo ina tiki ile ile, kwahiyo ukifika kabla hujalipa chukua kalamu uifute, uandike HAPANA pembeni, upige picha hiyo fomu ubaki nayo.

Watu watauliza, hivi huyo mtoto si angecheza tu nyumbani bure? Angecheza, na lazima acheze. Shirika la Afya Duniani walitoa mwongozo wao 2019, mtoto wa mwaka mmoja mpaka minne anatakiwa mwili wake uwe kwenye mwendo dakika 180 kwa siku, yaani masaa matatu ukijumlisha kukimbia kucheza na kutembea kote, na kwa huyu wa miaka miwili mambo ya tv na simu yasizidi saa moja. Sasa wewe gawanya, dakika 45 za jumamosi ni nini hapo? Anayekuambia kwamba darasa lake ndo mazoezi ya mtoto anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Nyumbani tunacheza, ndoo ya rangi ipo, mwiko upo, sufuria zangu zote zina makunyanzi, na jirani wa chini keshatuma ujumbe kwenye grupu la jengo bila kutaja jina lakini wote tumejua.

Kitu ambacho nyumbani sina ni watoto wengine na mtu wa ngoma. Mimi nimekulia Temeke, mdundiko ulikuwa unapita wenyewe mtaani, kuna harusi kuna mwali anatoka, ukisikia tu ngoma unatoka mbio na sahani ya ugali umeacha, unaufuata mpaka mtaa usioujua unapotelea huko unarudishwa na watu wazima jioni unachapwa. Hakuna mtoto wa Temeke wa miaka ile ambaye hajawahi kupotezwa na mdundiko. Huyu wangu anakaa ghorofa ya tatu Kijitonyama, chini ni magari, geti lina mlinzi, ngoma ataifuata wapi? Ndo hiyo nalipia. Inauma kulipia elfu ishirini na tano kitu nilichokuwa nachapwa kwa kukifuata bure, ila ndo hali.

Mengine haraka haraka. Choo ni kimoja, kisafi, ila hakina kiti cha mtoto wala kistuli, unamshikilia mwenyewe, njoo na wipes zako. Maji ya kunywa wanauza chupa ndogo elfu moja, beba ya kwako hawakatazi. Vitafunwa ndani hawaruhusu, nakubaliana nao. Paking magari kama manne hivi, ukichelewa unapaki barabarani na kuna kijana anaangalia, mpe chochote. Kutokea Mwenge kwa bajaji ni rahisi kuliko kuhangaika na gari, barabara ya Mwai Kibaki jumamosi asubuhi sio mchezo. Nguo, kaptula na fulana basi, tena iliyochakaa, gauni la wavu msinunue. Fikeni mapema kidogo mtoto azoee vioo, maana wangu dakika za mwanzo zote alikuwa anamsalimia yule mtoto wa kwenye kioo na kusubiri aitikiwe.

Mimi naendelea kulipa siku moja moja, anko akimaliza kipande chake tunakaa kidogo baleti ikianza tunaaga tunaenda kula, dada wa mapokezi anashangaa ila hakuna sheria inayokataza. Kitu kimoja tu, kabla hamjatoka nyumbani pigeni simu muulize anko yupo au hayupo, msiulize kama kipindi kipo maana kipindi watakuambia kipo siku zote. Jumamosi huwa anapata kazi za harusi, na mfungo ukishaisha zile wiki za mwanzo harusi zinafululiza, hapo mpaka aje kupatikana tena mtasubiri.